Msitu alfajiri, bahari mchana: siku ya ndege Watamu

WATAMU, Kilifi

Mfanyabiashara aliyepakia vitunguu au machungwa Tanga, akavuka Horohoro na kugonga muhuri Lunga Lunga, akashusha nusu ya mzigo soko la Kongowea na kuendelea na nusu hadi Malindi, hufika Gede akiwa hoi. Kushoto kwake msitu umekuwa ukiifuata barabara kwa muda mrefu. Kulia, vibao vya hoteli za Watamu vinaelekeza baharini. Wengi huuona msitu ule kama ukuta tu, wakarudi kusinzia.

Ndani ya ukuta huo, na kwenye bahari iliyo kilomita chache ng'ambo ya barabara, kuna biashara isiyojua gunia wala mizani. Ina msimu wake wa juu na wa chini, ina mawakala, ina wateja wanaotoka Ulaya kuja kuifuata. Mteja hulipa, hutazama, huandika kwenye daftari jina la alichokiona, kisha huondoka mikono mitupu. Wapo wanaorudi mwaka unaofuata kulipa tena. Bidhaa yenyewe ni ndege wa porini, na haipungui kwa kutazamwa.

Mahali pa kutazama ndege ni pengi Afrika Mashariki, na kwa wingi wa aina Uganda au Tanzania bara zinaishinda pwani hii. Kinachoipa Watamu sifa ni ufupi wa safari. Msitu wa Arabuko-Sokoke, hori la Mida na bahari ya kina kirefu viko karibu kiasi kwamba mtu mwenye nguvu anaweza kuvimaliza vyote kati ya mapambazuko na magharibi.

Siku yenyewe haichaguliwi ovyo. Mwisho wa Machi unafaa: kaskazi imechoka, kusi haijaingia, na katikati yake ndiyo maleleji, siku za upepo usio na uamuzi. Ndege waliokuja na kaskazi bado wapo, na bahari imetulia vya kutosha boti ndogo kutoka nje ya mwamba. Tena afadhali iwe siku ya bamvua. Hapa maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yakajaa tena saa kumi au kumi na moja jioni. Ratiba yote ya siku hukaa juu ya hesabu hiyo.

Bundi asiyefika shubiri

Saa kumi na moja alfajiri giza bado ni zito. Gari huachwa pembeni mwa njia ya udongo mwekundu, taa huzimwa, na mwongozaji hutega sikio. Wengi wa waongozaji hawa wametoka vijiji vilivyo ukingoni mwa msitu. Sauti inayosubiriwa ni nyembamba, kama kengele ndogo, hurudiwa mara tano, sita, hata tisa, kisha kimya.

Huyo ndiye bundi wa Sokoke. Urefu wake haufiki shubiri moja, na uzito wake ni kama wa yai la kuku. Wako wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu. Wanasayansi hawakumjua hadi mwaka 1965, alipopatikana katika msitu huu, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hayuko kwingine duniani. Baadaye akapatikana pia kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, mkoa wa Tanga. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Muheza anayesinzia Gede amepita karibu na jirani yake wa nyumbani.

Kumwona mchana ni kazi nyingine. Hulala ndani ya kichaka kizito, mara nyingi chini ya usawa wa kichwa cha mtu, wawili wawili wamebanana. Mwongozaji huingia peke yake, akainama, akatambaa, akatafuta kwa dakika kumi au kwa saa nzima. Akiwapata hurudi kuwaita wageni mmoja mmoja, bila kusema neno. Kuna siku hawapatikani kabisa.

Pwani nzima bundi ni uchuro. Akilia juu ya paa watu husoma dua, na wengine hutoka na mawe. Ni kinyume cha kuchekesha kwamba ndege huyo huyo ndiye anayewafanya watu wapande ndege ya abiria usiku kucha, wakalipa kiingilio, gari, mwongozaji na chumba, ili wamtazame dakika mbili akiwa amefumba macho.

Jua likitoka, msitu hubadilika kadiri gari linavyosogea. Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Ndicho kipande kikubwa kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani Afrika Mashariki, katika mkanda uliowahi kutoka kusini mwa Somalia hadi Msumbiji. Udongo mwekundu una vichaka vya bundi. Udongo mweupe wa mchanga una mirihi, miti mirefu iliyoachana, mwanga ukishuka hadi chini kama kwenye bustani. Huko juu ya mirihi hupita makundi mchanganyiko, ndege wa aina kumi au kumi na tano wakitembea pamoja kama msafara, kila mmoja na kazi yake: huyu anatafuta kwenye magome, yule kwenye majani, mwingine anadaka wanaoruka. Shingo huuma. Dakika tano baadaye kundi limekwenda na miti imebaki kimya, kana kwamba hapakuwa na kitu.

Katika msafara huo watazamaji humtafuta chozi wa Amani, ndege mdogo anayenyonya maua, aliyepewa jina la Amani ile ile iliyo milimani Muheza. Humtafuta pia kwera wa Kilifi, mwenye mgongo mweusi na tumbo la manjano, ambaye hajaonekana nje ya kaunti hii moja tu. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1913, lakini kwa miaka 100 hakuna mtaalamu aliyejua anakotagia. Viota vyake viligunduliwa mwaka 2013 kwenye kinamasi katika msitu wa Dakatcha, kaskazini-magharibi mwa Malindi.

Yuko mwingine ambaye mwezi Machi hayupo. Ni ndege wa ardhini, wa jamii ya mkesha, kifua cheupe chenye madoa meusi. Hutaga kwenye uwanda wa Rondo, mkoa wa Lindi, kisha kusi inapovuma huja kukaa kwenye misitu ya pwani ya Kenya, ikiwamo miti iliyoota ndani ya magofu ya Gede. Kusi ikiisha hurudi Lindi. Hahitaji cheti cha asili ya bidhaa, lakini anahitaji misitu miwili katika nchi mbili, na mmoja ukikatwa ule mwingine hautamfaa kitu.

Hapo ndipo suala la ndege linapoingia moja kwa moja kwenye hesabu za wachuuzi. Arabuko-Sokoke una askari wa misitu na wa wanyamapori. Dakatcha, alikopatikana kiota cha kwera, kwa sehemu kubwa ni ardhi ya jamii isiyo na ulinzi kama huo, na miti yake imekuwa ikiishia kwenye matanuri ya mkaa na mashamba ya mananasi. Mkaa ukishafika sokoni hauna kwao. Anayeununua kwa jumla na kuupakia hawezi kuutofautisha na mwingine, na asiyeuliza haambiwi.

Mti wa muhugu una historia yake. Ni mgumu, una harufu nzuri, na kwa miaka mingi vinyago vingi vilivyouzwa kwa watalii wa Mombasa na Malindi vilichongwa kwa mti huo. Bundi na ndege wengine hutaga kwenye mashimo ya miti ya zamani kama hiyo. Misitu ilipopungua, baadhi ya wachongaji wa pwani walihamia mwarobaini na mwembe, miti inayopandwa majumbani na kukua upesi. Mfanyabiashara wa vinyago anayevuka mpaka anaweza kuuliza swali moja tu kabla ya kulipa: hiki ni mti gani? Wanunuzi wa Ulaya nao siku hizi huuliza, kwa hiyo jibu lina bei.

Kuna pia mradi wa Kipepeo pale Gede, ulioanza mwaka 1993. Wanavijiji hufuga viwavi vya vipepeo wa msituni, na mabuu husafirishwa kwa ndege hadi majumba ya maonyesho ng'ambo. Ni mauzo ya nje yanayohitaji msitu uwe umesimama, kwa sababu majani ya kulisha viwavi na vipepeo wa mbegu hutoka humo. Kabla ya saa tatu, wakati wa kutoka, mwenye bahati huvukiwa njia na sange wa Sokoke, mnyama mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu, akikimbia kama mtu aliyechelewa basi.

Nahodha anatafuta ndege

Boti huondoka Watamu saa tatu, kabla maji hayajakupwa kabisa. Hupita kando ya kisiwa kidogo cha mawe kiitwacho Kisiwa cha Nyangumi, mdomoni mwa hori. Mwezi Machi kimelala. Wakati wa kusi, kuanzia Julai, buabua hutaga mayai yao juu ya mwamba huo, na boti hutakiwa kupita mbali. Eneo hili lote ni hifadhi ya bahari tangu 1968, miongoni mwa za kwanza barani Afrika.

Nje ya mwamba rangi ya maji hubadilika kutoka kijani kwenda buluu nzito. Pwani ya Kenya ina kiunga chembamba cha maji ya kina kifupi. Baada ya kilomita chache sakafu huporomoka, na boti huwa juu ya maji yenye kina cha mamia ya mita. Wageni wasiozoea hunyamaza. Tangawizi iliyotafunwa mapema husaidia, ikitafunwa kwa kuchelewa haisaidii.

Kisha hakuna kitu. Hili watangazaji wa utalii huwa hawalisemi: saa nzima inaweza kupita bila ndege hata mmoja, jua likipiga, injini ikinguruma, kila mtu akitazama upeo wake. Bahari ina ndege wachache kuliko nchi kavu, na wote hukusanyika mahali pamoja pale panapokuwa na chakula.

Nahodha aliyezaliwa kwenye uvuvi anajua pa kutazama. Hatafuti ndege mmoja mmoja, hutafuta moshi: vidoadoa vyeusi vikipanda na kushuka mbali, kama majivu juu ya moto wa mabua. Akiviona hugeuza usukani bila kuuliza mtu. Chini ya vidoadoa hivyo kuna jodari au sehewa wanaowinda, wakiwasukuma samaki wadogo juu. Samaki wadogo hawana pa kukimbilia. Chini kuna meno, juu kuna midomo. Wavuvi wa pwani hii wamekuwa wakiwafuata ndege kuwafikia jodari tangu enzi za tanga, na wavuvi wa leo, wenye vyombo vya kupimia kina na ramani za setilaiti, bado hutoa darubini kutafuta ndege kwanza.

Boti ikifika, kelele hujaza masikio. Buabua weusi mgongoni na weupe tumboni huwa ndio wengi. Hawa ni ndege wa ajabu: manyoya yao hayazuii maji vizuri, kwa hiyo hawalali juu ya bahari, na kijana wao akishaondoka kisiwani huweza kukaa angani miaka kadhaa bila kukanyaga nchi kavu. Hula na kupumzika huko huko juu. Kati yao hupita buabua wa kahawia wenye paji jeupe, wakiruka chini kabisa. Ndege wakubwa weupe wenye barakoa nyeusi usoni hujitupa kutoka juu kama mikuki, mabawa wameyakunja. Mara moja moja hutokea yule mweusi mwenye mkia wa uma na mabawa marefu kuliko mwili, asiyejua kuogelea: yeye husubiri mwenzake apate samaki, kisha humfukuza hadi amtapike. Katika kila soko yupo mtu wa namna hiyo.

Wale weupe wenye barakoa wana makao ndani ya Jumuiya. Zaidi ya kilomita 60 kusini-mashariki mwa Unguja kuna kisiwa kidogo tambarare kiitwacho Fungu Kizimkazi, kisicho na mti wala maji baridi, kilichoinuka mita chache tu juu ya bahari. Juu yake hutaga maelfu ya ndege wa baharini. Ndege aliyekulia Tanzania hula samaki wa Kenya bila kugusa forodha, na jodari anayemfuata naye amepita maji ya Somalia, Shelisheli na Msumbiji.

Watazamaji wa ndege huja pia na ndoo ya vichwa vya samaki na mafuta yake. Hutupa kidogo kidogo nyuma ya boti, wakangoja. Ndege wengi hawana pua ya maana, lakini jamii moja ya ndege wa bahari kuu ina pua zilizojengeka kama mirija juu ya mdomo, na hunusa mafuta ya samaki kutoka mbali sana. Baada ya robo saa hufika kutoka upande wa upepo, mabawa yamenyooka, wakipiga chenga juu ya mawimbi bila kupiga bawa. Wengine wao hutaga Sokotra na pwani za Omani. Mmoja, mweusi wote na mwenye mabawa marefu, aliendelea kuwachanganya wataalamu hadi miaka ya karibuni viota vyake vilipopatikana kwenye magenge ya Sokotra.

Majina hayo, Sokotra na Omani, si mageni kwa msomaji wa pwani. Majahazi yaliyoleta tende, papa mkavu na mazulia yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko na nafaka. Magofu ya Gede, yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, yametoa vigae vya vyombo vilivyotoka China. Jahazi za mizigo sasa ni chache. Ndege bado wanaitumia njia ile ile, kwa upepo ule ule.

Kuhusu jodari, habari si zote njema. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli, kwa miaka kadhaa kuanzia 2015 ilimweka jodari wa mapezi ya njano katika kundi la samaki waliovuliwa kupita kiasi. Meli kubwa za nyavu za kuzungusha hufanya kazi mbali, ambako boti ya Watamu haifiki. Lakini jodari wakipungua hakuna wa kuwasukuma samaki wadogo juu, na buabua wasioweza kuzama hubaki wakizunguka juu ya maji matupu. Mchuuzi wa samaki wa Malindi au Tanga huuona upungufu huo kwenye beseni. Nahodha huuona angani kabla yake.

Maji yanarudi Mida

Saa nane na nusu boti hurudi na maji. Chakula cha mchana huliwa Dabaso, ukingoni mwa hori, ambako kikundi cha wanakijiji huuza sambusa za kaa kwenye mgahawa wa mbao uliojengwa juu ya maji. Ni sambusa zinazostahili safari hata kwa mtu asiyejali ndege hata kidogo.

Hori la Mida lina ukubwa wa kilomita za mraba 32 hivi, limezungukwa na mikoko, na maji yakipwa hubaki tope na mchanga tupu. Ndege hutawanyika humo wakila, kila mmoja mbali na mwenzake. Maji yanaporudi tope huanza kupungua, na ndege husogea hatua kwa hatua kuelekea ukingoni, hadi maelfu wanakuwa wamesimama kwenye kipande kimoja cha mchanga. Mtazamaji hana haja ya kwenda kokote, bahari inamletea.

Wa kwanza kutambuliwa ni sululu, mwenye mdomo uliopinda kama jembe la kuchimbia mawe lenye jina hilo hilo. Kisha vitwitwi, mamia kwa mamia, wengine tayari wamegeuka rangi ya matofali kifuani, dalili kwamba safari iko karibu. Hao hutaga Siberia, kwenye barafu iliyoyeyuka ya kaskazini kabisa mwa Urusi, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Mida. Wiki hizi za mwisho wanakula bila kupumzika ili wajaze mafuta mwilini. Mtu akipita na mbwa, au boti ikikata katikati yao mara tatu nne kwa siku, wanapoteza chakula cha njiani. Hilo ndilo linalofanya waongozaji wawe wakali kwa wageni wanaotaka kusogea kwa ajili ya picha.

Lakini anayetafutwa na wote ni ndege mla kaa. Ni mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene mweusi kama kisu cha kufungulia chaza. Mida hupokea mamia yao kila mwaka. Hutaga kwenye mchanga wa visiwa na fukwe za Ghuba, Omani, Bahari ya Shamu na Somalia, na hutaga namna ambayo hakuna ndege mwingine wa fukweni hutaga: huchimba shimo refu ardhini, kama panya, akaweka yai moja tu, jeupe. Joto la mchanga humsaidia kulialika. Kinda lake huchelewa kujitegemea. Miezi kadhaa baadaye, likiwa limeshavuka bahari hadi Kenya, bado hutembea nyuma ya mzazi kwenye tope la Mida likililia kaa, ingawa kaa wanatembea mbele ya miguu yake.

Kati ya mikoko limetundikwa daraja la mbao na kamba, refu zaidi ya mita 200, linaloyumba kila anapopita mtu mnene, na mwisho wake kuna kibanda cha kujificha kinachotazama hori. Kiingilio cha daraja hilo huingia kwenye mfuko wa karo uitwao ASSETS, unaowasaidia watoto wa familia zinazoishi kando ya msitu na hori kusoma sekondari. Masharti yake ni ya kueleweka kirahisi: fedha zinatoka kwa wanaokuja kuona ndege na mikoko, na familia inayonufaika inajua kwamba mkoko uliokatwa au mtego uliotegwa unagusa ada ya mtoto. Mgeni mmoja analeta kiasi kidogo. Hata hivyo ndege mla kaa yule yule ametazamwa jana, leo, na atatazamwa mwakani.

Hesabu ya ndege wa kizimba huenda vingine. Huuzwa mara moja, na wengi hufa kabla ya kufika. Cherero wa kaskazini mwa Tanzania, kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cha rangi ya chungwa, walisafirishwa kwa wingi mno miaka ya 1980. Vizazi vya waliotoroka vizimbani vinaruka leo Mombasa na Naivasha, mbali na kwao. Kasuku wa kijivu wa Kongo na Uganda alipandishwa kwenye ulinzi wa juu kabisa wa mkataba wa CITES katika mkutano wa Johannesburg mwaka 2016, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikafungwa. Mwaka huo huo Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai wa porini kwenda nje. Msafiri anayekubali kumbebea mtu "kasuku wa nyumbani tu" kwenye basi la kuvuka mpaka amebeba kesi. Shehena halali iliyo chini ya kizimba hicho inaweza kuzuiliwa pamoja naye.

Mfano wa soko lililogeuka uko mbali, lakini ndege wake hupita hapa. Kozi wa Amur hutaga mashariki ya mbali mwa Urusi na kaskazini mwa China. Kila Oktoba na Novemba hukusanyika kwa maelfu jimbo la Nagaland, India, kabla ya kuvuka Bahari ya Hindi bila kutua, wakaingia Afrika kupitia Somalia na kushuka juu ya Kenya na Tanzania kwenda kusini. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba wanakijiji wa huko walikuwa wakiwanasa kwa nyavu makumi ya maelfu na kuwauza sokoni, wazima na waliokaushwa kwa moshi. Mwaka uliofuata, baada ya mazungumzo na viongozi wa vijiji na makanisa, nyavu hazikutegwa. Kijiji cha Pangti, kilichokuwa kitovu cha mauzo, sasa hupokea wageni wanaolipa kuja kuwaona. Wavuvi wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na bidhaa na mnunuzi. Ilibidi apatikane mnunuzi mwingine.

Kwa anayetaka kujaribu siku kama hii kati ya mzigo na mzigo, mahitaji ni machache. Darubini ya mkono ya namba 8x42 inatosha kwa vyote vitatu. Nguo za rangi ya udongo, kofia, maji. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha hifadhi za wanyamapori kilicho chini sana ya cha wageni wa mbali, hivyo kitambulisho au pasipoti iwe mfukoni, na malipo hufanywa kwa njia ya kielektroniki badala ya taslimu. Boti ni ghali kwa mtu mmoja. Watu sita wakichanga inakuwa nauli ya kawaida. Mwongozaji wa msituni asikwepwe kwa kubana matumizi. Bila yeye bundi haonekani, na ada yake ndiyo inayobaki kijijini.

Kwenye saa kumi na mbili jioni maji yamejaa na mchanga karibu wote umefunikwa. Vitwitwi wamebanana kwenye ukingo wa mwisho, wakipiga kelele zaidi kuliko kawaida. Jioni nyingi za mwezi huu na ujao, kundi moja hunyanyuka ghafla, likazunguka juu ya mikoko mara mbili, tatu. Baadhi huvunjika moyo na kurudi chini. Waliobaki hujipanga kama mshale, wakaendelea kupanda huku wakiitana, wakavuka barabara ya Malindi na msitu, hadi darubini haiwashiki tena. Wameelekea kaskazini, na usiku huo hawatatua.